Krenki haiwi nzuri kwa sababu imechongwa na kompyuta

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme machache kuhusu vipuri vya injini vinavyonadiwa siku hizi kwa sifa moja tu: vimechongwa kwa kompyuta kutoka bonge zima la chuma. Utaikuta sifa hiyo kwenye matangazo ya krenki (shafti inayogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko), konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki), pistoni, silinda hedi, hadi puli za feni. Mnunuzi akishaisikia anatoa fedha bila swali la pili. Kwa sisi tunaoshinda na mashine hizo, maneno hayo yanaeleza umbo limepatikana kwa njia gani, basi. Hayasemi chuma ni kipi, kimepita kwenye moto wa namna gani, wala kimepimwa kwa kifaa gani. Na hayo matatu ndiyo yanayoamua kama krenki itazeeka na lori lake au itakatika kwenye mlima wa Kitonga mzigo ukiwa nyuma.

Kwanza tuiweke kompyuta mahali pake. Teknolojia hii si ya jana. Mwaka 1952 chuo cha MIT cha Marekani kilionyesha mashine ya kuchonga chuma iliyoongozwa kwa utepe wenye matundu, kazi iliyotokana na wazo la John Parsons, aliyekuwa akitengeneza mapanga ya helikopta. Leo utepe umegeuka faili, lakini tabia ni ile ile, kufuata amri zilizoandikwa: G00 peleka haraka bila kukata, G01 kata kwa mstari ulionyooka, G02 na G03 kata kwa tao, M03 zungusha spindo (mhimili unaoshika kikatio), M08 fungua maji ya kupozea. Mashine hutii. Ukiandika kona kali mahali palipotakiwa mviringo, itakuchongea kona kali kwa usahihi wa kupendeza, na krenki itapasuka hapo hapo.

Kipuri cha chuma hupata umbo kwa njia kuu tatu. Kuna kusubu, yaani kuyeyusha na kumimina kwenye kalibu. Kuna kufua, pande la moto likigandamizwa ndani ya kalibu kwa nyundo kubwa au presi. Na kuna kuchonga, unapoanza na pande zima ukaondoa kisichotakiwa. Chuma kilichovingirishwa kiwandani kina nyuzi zinazokwenda kwa urefu wake, kama ubao wa mninga. Ukifua krenki, nyuzi hizo hupinda zikafuata viwiko, yaani mapindo yanayoshika konrodi. Ukiichonga, unazikata kwenye kila kiwiko. Ndiyo maana krenki za magari ya kawaida husubiwa au hufuliwa. Kuchonga bonge kuna maana pale idadi inapokuwa ndogo: injini za mashindano, injini za majaribio, na injini za zamani ambazo mtengenezaji ameacha kuzihudumia. Krenki za kuchonga za magari ya mbio huvumilia kwa sababu huanza na chuma safi mno, kilichoyeyushwa upya ndani ya ombwe, kisha kikapewa matunzo yote ya moto. Ukiweka bonge la kawaida mahali pa chuma hicho, umebaki na jina.

Tuchukue krenki ya dizeli ndogo ya silinda nne yenye shingo kuu, yaani sehemu za duara zinazozunguka ndani ya beringi, za kipenyo cha milimita 60. Ili vizani vyake vya kusawazisha vitoshe, unahitaji chuma cha duara cha kipenyo kama milimita 170 na urefu wa milimita 550. Kipande hicho kina kilo 98. Krenki ikikamilika itakuwa na kilo ishirini na kitu. Zaidi ya kilo 70 zinaishia kwenye pipa la maranda ya chuma, na kila kilo iliyokatwa imekula muda wa mashine, umeme na vikatio. Mteja anayeshangaa bei na aanzie hapo. Anayeuziwa kwa bei ya chee ndiye wa kushangaa zaidi.

Chuma kinachofaa ni EN24, ambacho Wamarekani hukiita 4340, chenye nikeli, kromi na molibdenamu. Kikiwa katika hali ya T, yaani kimeshapikwa na kupozwa kiwandani, nguvu yake ya kuvutwa ni megapaskali 850 hadi 1,000 na ugumu wake kwa kipimo cha Brinell ni 248 hadi 302. Kinachouzwa mara nyingi mahali pake ni EN8, chuma cha kaboni ya asilimia 0.4 hivi kisicho na viungo hivyo. Kwenye pande nene namna ile EN8 haiivi hadi moyoni. Hugumu ngozi, ndani kukabaki laini. Kwa macho huwezi kuvitofautisha. Vyote vinang'aa vikikerezwa, vyote vinashika kutu kwa unyevu wa pwani. Halafu kuna ekseli chakavu za malori, ambazo karakana nyingi huzipenda kwa kuwa zipo na zina bei nzuri. Kwa pini na bushi za trela hazina neno. Kwa krenki, hapana: ekseli imeshapinda na kunyooka mamilioni ya mara, huenda ina nyufa tayari, na ngozi yake imegumishwa kwa kina ambacho hukijui mpaka kikatio kimeungua.

Kazi huanza na cheti cha chuma, kisha bonge hupimwa kwa mawimbi ya sauti kutafuta ufa wa ndani, kwani ni afadhali kuugundua kabla ya kukata kuliko siku ya mwisho. Hutobolewa vituo ncha zote mbili, hukerezwa nje, kisha huja ukataji wa kwanza wa shingo na viwiko. Hapa ndipo karakana yenye pupa hujulikana. Usikate hadi kipimo. Acha milimita 1.5 hadi 2 kila upande. Ndani ya bonge mna mikazo iliyofungiwa tangu lilipovingirishwa na kupoa. Ukiliondolea robo tatu ya mwili wake, mikazo iliyobaki hujipanga upya na krenki hupinda. Kwa hiyo hupelekwa tanurini kwenye nyuzijoto 550 hivi, chini kidogo ya joto la mwisho ambalo chuma kilipitishwa kiwandani, hukaa saa kadhaa, kisha hupoa taratibu humo humo. Ndipo hurudi mashineni kumaliziwa. Hatua hii haionekani kwenye kipuri kilichokamilika, ndiyo sababu ni rahisi kuiruka. Krenki iliyorukwa hukabidhiwa ikiwa imenyooka, ikapinda baadaye ikipata joto.

Pale shingo inapokutana na ubavu wa krenki pana kona, na kona hiyo inastahili maneno mengi kuliko mashine nzima. Kila mzunguko krenki hupinda kidogo na kujinyoosha, na mkazo hukimbilia hapo. Kona yenye mviringo wa milimita 3 huutawanya. Kona kali, au yenye mkwaruzo mmoja ulioachwa na kikatio, huukusanya. Chuma huchoka, ufa huanza, nao hutembea kidogo kidogo hadi siku moja kilichobaki hakiwezi kubeba mzigo. Kwenye krenki iliyokatika mara nyingi utaona mistari ya tao ikitokea konani, kisha eneo la mwisho lenye chengachenga lililokatika kwa mara moja. Beringi nayo lazima iwe na upana usiopanda juu ya mviringo huo, la sivyo itaungua hata kama oili ni mpya. Midomo ya matundu ya oili vilevile: hutobolewa kabla ya ngozi kugumishwa, kisha kingo zake huviringishwa na kung'arishwa, kwa kuwa tundu lenye ukingo mkali ni mwanzo mwingine wa ufa.

Baada ya shingo kusagwa, krenki huingia kwenye tanuri la nitraidi: nyuzijoto 500 hadi 520 ndani ya gesi ya amonia, kwa saa makumi. Naitrojeni hupenya ngozi kwa milimita 0.3 hadi 0.5 na kuifanya ngumu sana, huku moyo ukibaki na uwezo wa kupinda na kurudi. Kwa kuwa haichovywi kwenye maji wala oili, haipindi sana. Huvimba kidogo tu, na fundi anayejua kazi huwa ameacha nafasi ya uvimbe huo wakati wa kusaga. Wenye malori wazingatie hesabu hii. Kusaga krenki saizi ya kwanza, yaani kupunguza kipenyo cha shingo kwa milimita 0.25, kunaondoa milimita 0.125 kila upande. Kama ngozi ilikuwa 0.4, bado ipo, ingawa hafifu zaidi, maana ugumu hushuka kadiri unavyoingia ndani. Ukifika saizi ya 0.50 umeshakula 0.25, na krenki hiyo inastahili kurudi tanurini kabla ya kurudi kwenye injini. Krenki zilizogumishwa kwa umeme zina ngozi nene zaidi, ya milimita kadhaa, na hesabu yake ni nyingine. Usipojua yako ni ya aina gani, usikubali isagwe mara ya pili.

Jiwe la kusagia lililojaa na maji yasiyotosha huunguza ngozi ya shingo, na hapo huzuka nyufa nyembamba zisizoonekana kwa jicho. Hutafutwa kwa kuitia krenki sumaku na kuinyunyizia unga laini wa chuma. Unga hujikusanya penye ufa. Ikishapimwa, ni lazima iondolewe sumaku. Ikiachwa nayo, itakusanya kila chembe ya chuma inayopita kwenye oili na kuipeleka kwenye beringi.

Sasa vipimo. Kanuni ya mafundi ni kwamba nafasi ya oili kati ya shingo na beringi iwe kama sehemu moja ya elfu ya kipenyo au pungufu kidogo. Kwa shingo ya milimita 60 ni 0.045 hadi 0.060. Vernia ya mkononi husoma 0.02, yaani kosa la msomaji peke yake linaweza kula theluthi nzima ya nafasi hiyo. Kazi hii ni ya maikromita ya kusoma 0.001 na geji ya ndani iliyosawazishwa kwa vipande vya kipimo. Shingo hupimwa sehemu tatu za urefu wake na pande mbili zinazokatana, ili kujua kama imekuwa yai au imechongoka. Kioo cha mashine kinachoonyesha tarakimu tatu baada ya nukta hakihesabiki kuwa kipimo. Kinaonyesha mashine inadhani meza iko wapi. Hakijui kikatio kimelika wala shafti imesukumwa pembeni.

Na joto. Vipimo vya uhandisi duniani kote husomwa kwa nyuzijoto 20. Karakana ya Dar es Salaam saa nane mchana ina 32, wakati mwingine zaidi. Silinda ya alumini ya milimita 100 hutanuka kwa karibu milimita 0.028 kwa tofauti hiyo ya nyuzi 12. Maikromita ya chuma nayo hutanuka, lakini nusu yake, karibu 0.014. Kwa hiyo hata vyote viwili vikiwa na joto moja, utasoma silinda ni kubwa kwa 0.014 kuliko ilivyo. Kama mchoro unaruhusu kupishana kwa 0.02, hali ya hewa imeshachukua sehemu kubwa kabla fundi hajakosea lolote. Hapo hatujagusa kipuri kilichotoka kukatwa sasa hivi, chenye nyuzi 45. Chumba kidogo cha kupimia chenye kiyoyozi kinachofanya kazi usiku na mchana, na kipuri kikaachwa humo hadi kifanane na chumba, kinasaidia kuliko kununua mashine ya gharama zaidi. Mashine nayo ipashwe moto kwa kuizungusha dakika 15 hadi 20 asubuhi kabla ya kukata chochote cha maana, kwa kuwa spindo ikipata joto hurefuka na kina cha kwanza cha siku hakifanani na cha mwisho.

Silinda hedi na bloku za alumini ndizo zinazopigiwa picha nzuri zaidi. Bonge la hedi ya silinda nne, tuseme milimita 450 kwa 220 kwa 150, lina kilo 40; hedi yenyewe haifiki nusu ya hapo. Tatizo si uzito. Hedi ya kusubu ina mapango ya maji ndani yake, yaliyopatikana kwa kupanga mchanga kwenye kalibu na kuutoa baadaye. Kikatio hakina mlango wa kuingilia mapango hayo. Anayechonga lazima atoboe kutoka nje, kisha azibe kwa plagi au vifuniko vya kuchomelea, na kila kizibo ni mahali pengine pa kuvuja. Magari ya mbio ya Top Fuel ya Marekani, yanayochoma naitromethani, hutumia bloku zilizochongwa kutoka pande la alumini lililofuliwa, na bloku hizo hazina njia za maji hata kidogo. Zinaweza, kwa sababu mbio huisha ndani ya sekunde nne hivi. Injini ya kukaa kwenye foleni ya Ubungo haina anasa hiyo.

Kwa anayelazimika kuchonga alumini, aagize yenye alama T651, wala asitosheke na T6. Zote zimepikwa vilevile, ila ya kwanza imevutwa kidogo kiwandani, asilimia 1.5 hadi 3, ili kuua mikazo ya ndani. Hata hivyo usikate upande mmoja hadi mwisho. Kata pande zote mbili ukiacha milimita 1 hadi 2, fungua jiriwa, acha pande lijipinde litakavyo, lisawazishe upya, ulifunge kwa nguvu ndogo, kisha malizia. Ukibana pande lililopinda hadi linyooke na kulichonga likiwa limebanwa, litakuwa bapa kwenye meza ya mashine na kurudi kupinda mara ukilifungua. Gasketi ya hedi ndiyo itakayolipia. Viti vya valvu huingizwa kwa nguvu, kipenyo chake kikiwa kikubwa kuliko tundu kwa milimita 0.08 hadi 0.13, hedi ikiwa imepashwa hadi nyuzijoto 150 hivi na kiti kimetoka kwenye baridi kali. Kikilegea, kitadondoka injini ikipata moto, na pistoni ndiyo itakayokipokea.

Pistoni tunashauri watu waache kuzichongesha ovyo. Wengi hudhani pistoni ni duara, si duara. Upande wa pini ni mwembamba kuliko upande wa kusukuma, na juu kwenye taji ni ndogo kuliko chini, yote hayo ili ikipata moto ndipo iwe duara. Umbo hilo linahitaji mashine maalumu ya kukereza yai. Alumini nayo si moja: 6061 na 7075 ambazo ni rahisi kupatikana hupoteza nguvu zikipata joto la pistoni. Pistoni za kufua hutumia 2618, inayovumilia joto lakini hutanuka zaidi na hutaka nafasi kubwa ndani ya silinda, au 4032 yenye silikoni ya asilimia 12 hivi inayotanuka kidogo.

Konrodi inachongeka vizuri kuliko krenki, kwa sharti kwamba ikatwe kwa urefu wa nyuzi za bamba. Karakana inayotaka kubana konrodi nyingi kwenye bamba moja hujaribiwa kuzilaza kimshazari. Rodi iliyolala kinyume na nyuzi huanza kupasuka kwenye shingo ya pini. Kifuniko hukatwa, nyuso zake husagwa, bolti hukazwa kwa nguvu ile ile itakayotumika kwenye injini, na ndipo tundu kubwa humaliziwa kwa mawe, likipishana ndani ya milimita 0.01 hivi. Ukimalizia tundu kabla ya kukaza bolti, utakuwa umepata duara zuri litakalogeuka yai siku ya kufunga. Rodi za seti moja zikaribiane uzito ndani ya gramu 2, na zipimwe kila ncha peke yake. Rodi za magari mapya ambazo kifuniko chake kimevunjwa kiwandani badala ya kukatwa ni jambo jingine: uso wa mvunjiko ndio unaokiweka kifuniko mahali pake, na fundi anayeusaga ili kupunguza tundu ameiua rodi.

Upande wa kukata kwenyewe, makosa mengi tunayoyaona ni ya mwendo. Mizunguko ya spindo hupatikana kwa kuzidisha kasi ya kukata kwa 1,000 na kugawanya kwa 3.14 mara kipenyo cha kikatio. Kwa EN24T na kikatio cha kabaidi cha milimita 12, kasi ya mita 100 kwa dakika inakupa mizunguko 2,650. Kikiwa na meno manne na kila jino likinyoa milimita 0.05, meza itembee milimita 530 kwa dakika. Kwa alumini ya 6061, mita 300 zinakupa karibu mizunguko 7,950, na meno matatu ya kunyoa 0.1 yanataka meza itembee 2,385. Kikatio kikipiga kelele, wengi hupunguza mwendo wa meza na kuacha spindo ikizunguka vilevile. Jino linaacha kukata na kuanza kusugua, joto linabaki kwenye kipuri badala ya kuondoka na maranda, na kikatio kinakwisha mapema. Punguza mizunguko kwanza. Kwenye alumini adui mwingine ni maranda yanayobaki ndani ya shimo na kukatwa tena. Hewa au maji yenye msukumo yayatoe. Maji ya kupozea yawe na oili yake asilimia 5 hadi 8, oili ikimiminwa kwenye maji na si maji kwenye oili. Maji ya kisima yenye chumvi hushikisha kutu kipuri na mashine pamoja.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, UPS ndogo (kifaa cha betri cha akiba ya umeme) huokoa kompyuta tu. Spindo husimama na kikatio kikiwa kimezama ndani ya chuma. Usianze programu pale ilipoishia. Toa kikatio kwa mkono, kagua meno, rudisha mashine kwenye nafasi yake ya mwanzo, pima upya urefu wa kikatio na sifuri ya kipuri, kisha uanzie kwenye mstari salama wa juu. Jambo la kuongeza kwa wanaonunua mashine zilizotumika kutoka Ulaya na Japani: kompyuta nyingi za zamani huhifadhi vigezo vyake kwa betri ndogo. Betri hubadilishwa mashine ikiwa imewashwa. Ukizima kwanza na betri imekufa, vigezo vyote hufutika, na asiye na nakala ana tani kadhaa za chuma zisizojua urefu wa meza yake.

Nchi jirani wana somo lao. Mwaka 1986 Rais Moi aliagiza Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya. Yalipatikana magari matano ya mfano, fedha za kuyazalisha kwa wingi hazikupatikana. Kilichobaki ni kampuni iliyogeuka Numerical Machining Complex, inayochonga vipuri vya viwanda. Tunaona hiyo ndiyo kazi halisi ya mashine hizi kwetu: shafti za pampu, gia za viwanda, gaidi za valvu, nyumba za beringi, na krenki za injini za taratibu kama zile za aina ya Lister za mashine za kusaga, zinazokwenda mizunguko 650 kwa dakika. Gurudumu la kusukuma hewa la tabo (tabochaja) ya lori linaweza pia kuchongwa kutoka alumini iliyofuliwa, na viwanda vikubwa hufanya hivyo kwa kuwa huvumilia kupanda na kushuka kwa mizunguko kuliko la kusubu, lakini linahitaji mashine ya mihimili mitano na mizani ya kusawazisha. Anayepanga bajeti ya karakana ya chuo au ya wilaya, tunamsihi atenge fedha za chumba cha kupimia na tanuri kabla ya kuongeza mashine ya pili.

Mnunuzi wa krenki au konrodi ya kuchonga aombe cheti cha chuma cha aina ya 3.1 kwa kanuni ya EN 10204, chenye namba ya yeyusho, yaani ya mmimino chuma kilikotoka, na aone namba hiyo hiyo kwenye bonge kabla halijakatwa. Aombe karatasi ya tanuri yenye joto, saa, na ugumu uliopimwa baadaye. Aombe karatasi ya vipimo vya kila shingo, ikiandika na joto la chumba. Akijibiwa kwamba mashine ni ya kompyuta hivyo haihitaji karatasi, achukue bolti zake aende kwingine.

Ni sisi,
Mafundi wakereza vyuma,
Gerezani, Dar es Salaam.